Safari za Wagusii na Haki ya Mama Aliye Ugenini

Mama wa Kigusii kutoka Kisii au Nyamira aliyekaribia miaka hamsini akifunga safari peke yake kwenda Minnesota, Marekani, kutunza wazee, hakosi wa kumlaumu kwamba ameacha mila na boma. Lawama hiyo haina mizizi katika historia. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, vijana wa kiume wa Kigusii waliishi katika ebisarate, kambi za ng'ombe zilizokuwa mbali na makazi, wakilinda mifugo dhidi ya wavamizi. Waingereza, baada ya kuwapiga Wagusii mwaka 1905 na 1908, walizivunja kambi hizo kufikia 1913, kwa kuwa ziliwaweka wapiganaji pamoja. Kisha kodi ikawasukuma wanaume kutafuta fedha ugenini, hasa katika mashamba ya majani chai ya Kericho yaliyopanuka tangu miaka ya 1920. Kwa kuwa nyumba ya kila mke ilitozwa, mzigo ulimwelemea zaidi mwenye familia. Hivyo safari ya kundi la vijana ikawa pia safari ya baba, peke yake.

Safari hiyo iliwezekana kwa sababu mke alibaki akilima na kulea. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti Gusii kati ya 1955 na 1957, waliwakuta waume wengi wakiwa kazini mbali na kwao. Mume huyo aliheshimiwa kama mtafutaji. Tangu wakati huo ardhi imegawanywa kizazi baada ya kizazi, na hata mashamba ya walowezi yaliyogawiwa wananchi kule Borabu baada ya uhuru hayakumaliza uhaba. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba katika Kaunti ya Kisii. Mama anayeondoka leo anaitikia wito uleule wa riziki uliomwondoa babu yake.

Wapo watakaosema kwamba babu alilazimishwa na kodi, ilhali mama amechagua mwenyewe. Lakini kipande cha shamba kisichotoa karo nacho kinashurutisha. Wengine watasema Kericho ni jirani, na kwamba watoto wanaokulia Marekani hupoteza lugha ya Ekegusii. Hoja hii ni nzito, na hasara yake ni ya kweli. Hata hivyo, michango inayofanywa ili kurudisha maiti kuzikwa nyumbani inaonyesha kwamba kamba haijakatika. Tofauti kubwa iko kwingine: baba alirudi kwenye ardhi iliyotambuliwa kuwa yake, ilhali mama anaweza kutuma fedha miaka mingi kulipia ardhi iliyoandikwa jina la mwingine. Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika sheria na desturi za ardhi. Basi familia inayopokea fedha zake na iandike jina lake kwenye hati ya shamba alilolilipia, akiwa bado hai.