Ukuta wa Moto au Kizuizi?

"Ukuta wa moto" ndilo jina lililozoeleka la programu au kifaa kinacholinda seva dhidi ya wavamizi wa mtandaoni, nalo linapotosha mara mbili. Katika ujenzi, ilikotoka istilahi hii, ukuta huo haukuwa wa moto; ulikuwa wa matofali, ukajengwa ili moto wa upande mmoja usivuke upande wa pili. Na mtandaoni si ukuta hata kidogo, maana seva ya biashara iliyofungiwa pande zote haiuzi kitu. Tuchukue duka la jumla la Tandika linalotunza hesabu za stoo na madeni ya wateja kwenye seva. Wateja wanaoagiza kwa simu hupitia mlango wa seva namba 443, huo lazima uwe wazi. Mlango 3389, anaoutumia mhasibu akiwa nyumbani Tegeta, hauna sababu ya kufunguliwa dunia nzima. Kinachotakiwa ni kusimamisha kila pakiti ya data, kusoma imetoka anwani gani na inakwenda mlango upi, kisha kuiruhusu au kuirudisha kwa kanuni zilizoandikwa. Isiyotajwa na kanuni yoyote haipiti. Kazi hiyo Watanzania tuna neno lake: kizuizi. Dereva wa lori anayekaguliwa mzigo na vibali barabarani analijua, na Mbagala Kizuiani, hapo Temeke, imelibeba katika jina. Napendekeza tuseme kizuizi cha mtandao.

Wapo watakaosema jina la zamani limeshaenea, liachwe. Mazoea yana uzito, lakini mwenye duka akisikia "ukuta" huamini kazi iliisha siku fundi alipoondoka. Kizuizi kinamfanya aulize nani anapita, kwa kibali gani. Wengine watauliza nani ahangaike na seva ya Tandika. Mvamizi hachagui duka. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ZMap, programu inayoweza kubisha hodi kwenye mlango mmoja wa karibu kila anwani ya IPv4 duniani kwa chini ya saa moja. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilijisambaza yenyewe kwa kutafuta kompyuta zenye mlango 445 wazi na mfumo usiosasishwa, ikakwamisha hospitali za Uingereza.

Hoja nzito zaidi ni kwamba kizuizi hakimkamati mwizi mwenye nywila halali aliyoipata kwa barua pepe ya ulaghai. Ni kweli, na ndiyo maana mhasibu wa Tegeta anahitaji pia uthibitisho wa hatua mbili. Madeni yale yana majina na namba za simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayezitunza azilinde.