Fuvu la Piltdown: ughushi uliodumu karibu miaka 41 katika sayansi

Fuvu la Piltdown lilitangazwa London tarehe 18 Desemba 1912, katika mkutano wa Jumuiya ya Jiolojia. Charles Dawson, wakili wa Sussex aliyependa kuchimbua mambo ya kale, alieleza kwamba vipande vyake vilitoka katika shimo la changarawe huko Piltdown. Arthur Smith Woodward, mkuu wa idara ya jiolojia kwenye makumbusho ya taifa, alikuwa ameviunga na kumpa kiumbe huyo jina la Eoanthropus dawsoni. Fuvu lilifanana na la mtu, taya ikafanana na ya nyani mkubwa. Wasomi wengi wa Uingereza waliamini tangu zamani kwamba ubongo ndio uliotangulia kukua katika safari ya binadamu. Sasa ushahidi waliokuwa wakiutamani ulipatikana, tena katika ardhi yao wenyewe.

Wapo waliopinga mapema. Mwaka 1913 David Waterston wa King's College aliandika katika jarida la Nature kwamba taya ile ni ya sokwe na haikuumbwa pamoja na fuvu lile. Hoja yake ilimezwa na ugomvi mwingine, kati ya wataalamu wa anatomia Arthur Keith na Grafton Elliot Smith, kuhusu namna ya kuunga vipande na ukubwa wa ubongo uliokuwamo. Keith alikubali hata kutahiniwa: fuvu la mtu wa kawaida lilivunjwa, akapewa vipande vichache tu, naye akaliunda upya kwa ustadi uliowastaajabisha wenzake. Ustadi huo wote ulitumika pasipostahili. Swali lenyewe lilikuwa kama taya na fuvu ni vya kiumbe mmoja, na ncha ya taya inayoshikana na fuvu, ambayo ingelijibu, ilikuwa imevunjwa. Dawson alifariki mwaka 1916. Mwaka uliofuata Woodward alitangaza vipande vingine ambavyo Dawson alidai kuvipata mahali pa pili, pasipojulikana sawasawa hadi leo, na wengi waliokuwa wakisita wakanyamaza.

Aliyeumia zaidi ni Raymond Dart wa Johannesburg. Februari 1925 alichapisha katika Nature maelezo ya fuvu la mtoto kutoka Taung, Afrika Kusini, lenye ubongo mdogo na meno yaliyokaribia ya binadamu, yaani kinyume kabisa cha Piltdown. Keith alilitupa kundi moja na sokwe. Ilimchukua hadi mwaka 1947 kukiri hadharani kwamba Dart alikuwa sahihi. Kwa zaidi ya miaka 20 mfupa wa kweli wa Afrika ulihukumiwa kwa kipimo cha mfupa wa kughushi wa Uingereza, na dhuluma hiyo haisimuliwi vya kutosha.

Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale na mzaliwa wa Kabete, Kenya, alieleza jinsi utafiti wa Piltdown ulivyozuiwa: alionyeshwa mifupa halisi kwa muda mfupi, kisha ikarudishwa mahali pake, naye akaachiwa nakala za plasta. Plasta haionyeshi mkwaruzo wa tupa wala rangi iliyopakwa.

Mwaka 1949 Kenneth Oakley alipima florini, ambayo mfupa huifyonza kutoka ardhini kadiri unavyozeeka, akaona kwamba mabaki hayo si ya kale kama yalivyodaiwa. Joseph Weiner wa Oxford ndiye aliyethubutu kuutaja udanganyifu. Alichukua gego la sokwe, akalisugua kwa tupa na kulipaka rangi, likatoka kama la Piltdown. Pamoja na Wilfrid Le Gros Clark, watatu hao walichapisha matokeo Novemba 1953: meno yalipigwa tupa, na mifupa ilitiwa rangi ionekane ya kale. Baadaye ilithibitika kuwa fuvu ni la binadamu wa karne za karibuni na taya ni ya orangutani.



Mwaka 2016 watafiti walioruhusiwa kuchunguza mabaki halisi ya Piltdown kwa vinasaba na picha za eksirei walihitimisha kwamba yaelekea ni kazi ya mtu mmoja, na kidole kikamwelekea Dawson.