Kichaa cha mbwa

Jina hili tumelizoea, lakini lina mitego miwili. Neno "kichaa" hutufanya tumwogope mbwa anayebweka ovyo na kurukia watu tu. Kumbe virusi vyake vinaweza pia kumpooza mnyama: anajilaza kivulini kimya, taya la chini limelegea, udenda unamchuruzika, kumeza hawezi. Mwenye mbwa hudhani amekwamwa na mfupa, akamtia mkono kinywani.

Mtego wa pili ni hicho "cha". Kinaufanya ugonjwa uonekane mali ya mbwa peke yake. Ni kweli kwamba karibu binadamu wote wanaoupata huambukizwa na mbwa, lakini mamalia yeyote anaweza kuugua: mbweha, fisi, punda, ng'ombe. Katika eneo la Serengeti na Maasai Mara, ulithibitishwa kwa mbwa mwitu, na kufikia mwaka 1991 makundi waliyokuwa wakiyafuatilia watafiti yalikuwa yametoweka.

Kwa hiyo sindano moja ya chanjo kwa mbwa wa nyumbani humkinga mtoto wa jirani na pia mnyama wa porini. Mchanje mbwa wako kila chanjo inapofika kijijini au mtaani. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha wahi hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa alionekana mpole. Dalili zikishaanza, ni nadra sana mtu kupona.