Mshono Uliosema
Ewe msomaji, usidharau kazi ya sindano. Mwaka 1900, huko Iowa, Marekani, mkulima John Hossack aliuawa kitandani. Mkewe akashtakiwa, na wazee wa baraza waliomtia hatiani mwaka 1901 walikuwa wanaume peke yao. Mwaka 1902 hukumu ile ikatanguliwa. Susan Glaspell, aliyeiandikia gazeti kesi hiyo, alitunga mwaka 1917 hadithi iliyotokana nayo, A Jury of Her Peers. Humo wanaume wanapekua nyumba wasione kitu, na kuwacheka wanawake wanaotazama blanketi la viraka. Walakini wanawake hao, wakiwa washonaji, wanaona mshono ulionyooka ukivurugika ghafula, wakatambua uchungu wa mwenzao. Isome, kisha umpe mwenzio. Kwani ajuaye kazi huona yaliyomfichika mwamuzi.