Barua za Ujiji

Mgeni akifika Ujiji hupelekwa moja kwa moja kwenye mnara, chini ya miembe, akaambiwa hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Anapiga picha, anarudi zake Kigoma mjini. Kisa hicho cha kuvuliana kofia mimi kimenichosha. Hata salamu ile maarufu, ati Stanley aliitamka papa hapa, ina walakini: kurasa za shajara yake za siku ile zimechanwa.

Kinachonikosesha usingizi ni barua. Livingstone aliingia Ujiji Machi 1869, mgonjwa, hana dawa. Akakaa akiandika. Aliandika barua zaidi ya 40 akazikabidhi zipelekwe pwani, na nyingi hazikufika. Alilalamika kwamba wafanyabiashara wa Ujiji waliziogopa barua zake, maana zingewaanika. Fikiri, msomaji: simu hakuna, posta hakuna, njia ya Unyanyembe ni moja, na wenye misafara ndio wanaoamua neno gani lifike Unguja. Huyu mzungu anawachungulia wao, nao wanamchungulia yeye. Sisi tuliokulia chini ya mjumbe wa nyumba kumi, aliyejua nani kalala kwa nani, hatuhitaji kuelezwa sana.

Lakini hao hao waliozihofu barua ndio aliokula nao na kusafiri nao. Akafuatana na misafara hadi Nyangwe, ng'ambo ya ziwa, kwenye mto Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871 sokoni palikuwa na watu kama 1,500, wengi wanawake waliokuja kuuza samaki na vyungu. Watu wa msafara wa Dugumbe wakafyatua bunduki. Waliokimbilia mitumbwi wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliona, akarudi Ujiji Oktoba, na safari hii barua ikapita, kwa sababu Stanley alikuwepo kuibeba.

Uingereza ilichemka. Mwaka 1873 Sultani Barghash alibanwa mpaka tarehe 5 Juni akatia saini mkataba, soko la watumwa la Unguja likafungwa. Barua ile haikuwa sababu pekee, lakini ilikuwa kuni kavu.

Je, ni halali kula chumvi ya mtu kisha ukamsema hadharani? Wazee wetu wangeguna. Mimi nasema ni halali. Ugali wa mwenyeji haununui kimya juu ya maiti mia tatu.

Ila kuna la pili, nalo ni gumu zaidi. Kule Nyangwe karatasi zilimwishia, akawa anaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa matunda ya porini. Wino ukafifia, haukusomeka. Ndipo mwaka 2011 wataalamu wakatoa maandishi yale, waliyoyasoma kwa picha za mianga maalumu, na kumbe! Shajara ya awali haifanani na ile aliyoinakili baadaye kwa utulivu, iliyochapwa kitabuni mwaka 1874. Ya kwanza inasema mengi juu ya ukorofi na ukatili wa watu wake mwenyewe, wale waliotumwa kwake kutoka Unguja. Kwenye nakala safi mengi ya hayo yamepunguzwa au hayamo. Watafiti wamejiuliza kama baadhi yao nao walikuwa na mkono katika mauaji yale.

Wapo watakaomtetea: angesema yote, London wangesema huyu naye ni walewale, na soko lingebaki wazi. Hoja hiyo ina uzito, sikatai. Bado siikubali. Waliozuia barua zake Ujiji walikuwa wakiamua ukweli upi upite, na yeye, kalamu mkononi, kwa watu wake alifanya vilevile. Tofauti ni kwamba wao walilinda mali, yeye alilinda ushahidi wake. Tofauti hiyo inampunguzia hukumu, haimfutii.

Wauza samaki wa Nyangwe hawakuulizwa na upande wowote. Riwaya ninayoihangaikia sasa inaanza nao, asubuhi, kabla soko halijajaa. Livingstone yumo, kwa mbali, mzee mwenye karatasi. Sijampa maneno.