Muogeleaji mutu muzima: mashindano gani aingie, gani aache

Mutu mwenye kuogelea kwa kupenda tu, mwenye kazi na watoto wa kulipia minerval, hawezi kuingia kila mashindano yenye anasikia. Pesa ya kujiandikisha, ya safari na ya kulala inatoka ku mfuko ule ule wa nyumba. Ndiyo maana wengi wanachagua mashindano kubwa moja kwa mwaka, pamoja na moja ao mbili ndogo za karibu za kujipimia. Hiyo kubwa inafaa kuchunguzwa muzuri mbele ya kulipa.

Katika mchezo huu watu wazima wako na daraja lao, linaloitwa Masters. Kwa kanuni za World Aquatics, shirikisho la dunia lililokuwa linaitwa FINA, daraja hilo linaanza ku miaka 25. Watu wanapangwa miaka tano-tano: 25 hadi 29, 30 hadi 34, kuendelea mpaka wazee kabisa. Miaka inahesabiwa vile mutu atakuwa nayo tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano. Mwenye kutimiza 40 mwezi wa kumi na moja anahesabiwa wa 40 tangu Januari, na huko anakuwa kijana wa kundi. Kuna wenye wanangojea mwaka huo kwa hamu, na si vibaya.

Mashindano ya dunia ya Masters, kama ya Fukuoka 2023, Doha 2024 na Singapore 2025, inapokea watu wa kawaida, lakini inaweka muda wa kufikia, na mutu anaandikishwa kupitia kilabu. Asiye na kilabu aanzie hapo, si ku tiketi ya ndege.

Hapa kwetu mashindano mengi ya pisini yanapangwa kwa ajili ya vijana na wanafunzi. Mutu muzima aulize kwanza kama kuna daraja lake. Kama haiko, kuingia pamoja na watoto wa miaka 16 si haya: kunamupa muda ulioandikwa na mtu mwingine kwa saa ya kweli, na kitu hicho hakipatikane ku mazoezi. Lakini asisafiri mbali juu ya hiyo.

Swali lenye kukata ni hili: atamaliza mbele ya muda wa mwisho? Apime pisini kwa mita ya fundi, kwa sababu pisini za hoteli nyingi hazifiki mita 25. Kisha aogelee mita 1.000 bila kusimama. Tuseme mwalimu mmoja anapata dakika 2 na sekunde 45 kwa kila mita 100. Mita 1.600 itamuchukua dakika 44. Hiyo ni ku pisini, kwenye anasukuma ukuta kila akigeuka. Ku ziwa hakuna ukuta, kuna mawimbi, na hakuna mustari chini wa kufuata. Akipotea njia kidogo tu, mita 200 zinaongezeka, na saa inakaribia dakika 50. Kama muda wa mwisho ni saa moja, aende. Kama ni dakika 50, mwaka huu aache, achague ya mita 750 ao kilomita moja.

Mwenye kufanya mazoezi Bukavu ao Goma, ku mita karibu 1.460 juu ya bahari, atapumua vizuri zaidi akishuka Tanganyika, ku mita 770 hivi. Lakini kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa pepo za kusini zinapiga Tanganyika sana, na mashindano ya kipindi hicho ni ya mwenye kuzoea mawimbi. Huko kuna pia mamba na kiboko, zaidi karibu na Uvira, kwenye Ruzizi inaingilia ziwani. Upande wa Goma hatari ni mazuku, hewa nzito yenye kujikusanya mahali pa chini pembeni ya ziwa. Haionekane, na imekwisha kuua watu. Mwenye kupanga mashindano aseme wazi ni wapi watu watavalia na kuingilia maji.

Ya mbali yenye kufaa kuota ni Midmar Mile ya Afrika Kusini, ku ziwa la kutengenezwa karibu na Howick. Ilianza 1974, inafanywa mwezi wa pili, ni maili moja tu, na maelfu ya watu wa kawaida wanaingia. Mukongomani anahitaji paspoti na visa, kwa hiyo karatasi zianze miezi mingi mbele. Mwenye tansio ao pumu apite kwa munganga kwanza.

Lakini hata ile ya karibu kabisa ina maswali yake: mitumbwi ya kuokoa iko ngapi kwa waogeleaji wangapi, nani anahesabu watu wakiingia na wakitoka, munganga atasimama wapi. Jibu la "tutaona siku ile" ni jibu la kukataa. Na kama mutu amekwisha kulipa, anafika asubuhi na kukuta pembeni ya ziwa mtumbwi moja kwa watu makumi, avae nguo zake, apoteze hizo dola, arudi nyumbani.