Kosa la Kutokuwa na Kazi: Uzururaji na Mipaka ya Nadharia za Uhalifu

Nadharia nyingi za sosholojia ya uhalifu huuliza swali moja: kwa nini mtu huvunja sheria? Hoja ya makala hii ni kwamba kwa kosa la uzururaji swali hilo halitufikishi popote. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika, iliyoanza kutumika mwaka 1945, ilimhesabu kuwa mkosaji mtu anayeshukiwa, asiye na njia inayoonekana ya kujipatia riziki, na asiyeweza kujieleza akaridhisha. Hapo hakuna kilichoibwa wala aliyejeruhiwa. Kinachoadhibiwa ni umaskini wa mtu ukichanganyika na shaka ya askari aliyemkuta njiani.

Émile Durkheim, katika kitabu chake cha 1893 kuhusu mgawanyo wa kazi, alieleza kwamba tendo huwa kosa kwa sababu linakera dhamiri ya pamoja ya jamii. Je, muuza kahawa wa Kariakoo, Dar es Salaam, anayekamatwa kama mzururaji anakera dhamiri ya nani? Majirani zake ndio wateja wake, na wanamwita kwa jina. Robert Merton naye, mwaka 1938, alidai kwamba jamii inapowahimiza wote watafute mafanikio huku ikiwafungia wengi njia halali, baadhi yao hubuni njia nyingine. Maelezo yake yanamfaa jambazi. Mchuuzi hayamfai, kwani njia yake ni biashara ya kawaida kabisa, na uharamu wake umetungwa na sheria ndogo ya mji. Merton aliichukulia sheria kama jambo lililokwisha kuwepo, asiulize imetoka wapi.

Aliyeuliza ni William Chambliss. Katika makala yake ya 1964 alifuatilia sheria za uzururaji za Uingereza hadi mwaka 1349, baada ya tauni kuua sehemu kubwa ya wafanyakazi. Wenye mashamba walikosa vibarua, na waliobaki wakadai ujira mkubwa zaidi au wakahamia kwingine. Sheria ikaja kuwabana wafanye kazi kwa ujira wa zamani. Baadaye biashara ilipopanuka, sheria hizohizo ziligeuzwa kuwa silaha dhidi ya walioshukiwa kuwavizia wafanyabiashara barabarani. Sheria ya Uzururaji ya 1824 ilirithi historia hiyo, kisha maneno yake yakasafirishwa hadi makoloni.

Dar es Salaam ya kikoloni inaithibitisha nadharia hii ya Chambliss ya mgongano wa kitabaka kwa kiasi kikubwa. Serikali ilitaka nguvu za Mwafrika bandarini, lakini haikumtaka akae mjini siku asiyo na kibarua. Vijana wasio na ajira waliitwa wahuni, wakakamatwa katika misako na kurudishwa vijijini. Wengi walirudi mjini.

Lakini mwaka 1983 unaitia nadharia hiyo majaribuni. Operesheni Nguvu Kazi iliendeshwa na dola la Ujamaa la Tanzania, lililojitangaza kuwa la wakulima na wafanyakazi. Watu walidaiwa kitambulisho cha kazi mitaani, na waliokikosa wakapelekwa vijijini na mashambani. Wakati huohuo mishahara ilikuwa imeporomoka, na familia nyingi za waajiriwa ziliishi kwa maandazi, mboga na mkaa vilivyouzwa na mama na watoto. Aliyehesabiwa mzururaji ndiye aliyekuwa akimlisha mfanyakazi! Hapakuwa na bepari wa kumsingizia. Hapa Howard Becker anatusaidia zaidi: katika kitabu chake cha 1963 alionyesha kwamba ukosaji huzaliwa pale kundi lenye uwezo linapotunga kanuni na kuwabandika wengine jina. Urasimu, uwe wa kikoloni au wa kizalendo, ulijipa haki ya kuamua kazi halisi ni ipi.

Nakubali kwamba hofu ya wakazi si ya kubuni. Anayevunjiwa nyumba anataka doria, tena ana haki nayo. Lakini wizi, uvunjaji na kujaribu kutenda makosa hayo vina vifungu vyake, ambavyo vinadai ushahidi. Kifungu cha uzururaji kinatumika pale ushahidi unapokosekana. Kwa mfano, nchini Malawi mchuuzi wa mifuko ya plastiki alikamatwa mwaka 2015 akielekea kuuza bidhaa yake. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu alichoshtakiwa nacho kinakiuka katiba.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Wabunge wa kila nchi ambayo vifungu hivyo vingali katika vitabu vyake wavifute. Na sisi watafiti wa uhalifu, kabla ya kumhoji mfungwa kwa nini alikosa, tuanze kwa kumhoji aliyelitunga kosa lake.